Enanga ya Karagwe na Gitaa la Pedali: Juu ya Thamani ya Ala Kuukuu

Mwezi wa Novemba mwaka 1861 maofisa wawili wa jeshi la Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia katika nchi ya Karagwe, wakapokewa kwa ukarimu mkubwa na Mfalme Rumanyika. Mwezi wa Januari Speke alishika njia kwenda Buganda. Grant hakuweza kumfuata, kwa kuwa alikuwa na ugonjwa mbaya wa mguu, naye akabaki Karagwe mpaka mwezi wa Aprili 1862. Ugonjwa huo ulimtesa sana, lakini uliinufaisha historia ya muziki, maana mtu asiyeweza kutembea hana budi kusikiliza. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1864, Grant alieleza ala aliyoikuta huko iitwayo nanga: umbo lake ni mfano wa chano, nyuzi zake saba au nane, nazo zimefanywa kwa kano za ng'ombe na kupitishwa kwenda na kurudi juu ya madaraja yaliyo katika ncha zake mbili. Ala nyingi za bara la Afrika ya Mashariki hazikupata maelezo ya maandishi ila baada ya utawala wa kigeni kuimarika; hii ya Karagwe iliandikwa wakati mfalme wake angali huru na jumba lake lingali na wapigaji.

Mtu anayetaka kuielewa ala hiyo na jamaa zake yafaa asimame mahali kama Bugomora. Bugomora ni kata ya wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na ambayo mto Kagera umeizunguka kwa magharibi na kaskazini, hata ng'ambo ya maji ikawa Rwanda upande mmoja na Uganda upande mwingine. Kutoka hapo, kila aelekeapo, msikilizaji atalikuta jina lile lile. Akienda mashariki, Bukoba na Muleba, Wahaya wana enanga. Akivuka mto kwenda Rwanda, na kuendelea mpaka Burundi, ataikuta inanga. Akipanda kaskazini kwenda Buganda ataambiwa habari za ennanga, lakini akioneshwa atashangaa, kwa kuwa ennanga ya Waganda si chano hata kidogo. Ni kinubi chenye shingo iliyopinda na nyuzi nane, kila uzi na kigingi chake. Jina limesafiri, na vitu vimebadilika chini yake. (Wasomi wa Kiswahili watakumbuka kwamba nanga ya chombo haimo katika jamaa hii, maana neno hilo limetoka kwa Waajemi. Wafanya biashara wa pwani waliokaa Kafuro, karibu na makao ya Rumanyika, bila shaka walipata kucheka siku ya kwanza walipoambiwa kwamba katika nyumba ya mfalme nanga hupigwa.)

Enanga huchongwa kwa kipande kimoja cha mti. Fundi hulifukua gogo mpaka likawa kihori kirefu chenye kingo fupi. Katika kila ncha hukata meno, na juu ya meno hayo hupitisha kamba moja ndefu, ikaenda na kurudi mpaka nyuzi zote zikapatikana. Mpigaji huketi na kuipiga kwa vidole vya mikono miwili, huku akiimba au akisimulia. Yafaa msomaji aitie maanani sana kamba hiyo moja. Katika gitaa kila uzi una kichwa chake cha kuukazia, na uzi mmoja ukilegea mwenziwe hana habari. Katika enanga anayetaka kuukaza uzi wa tatu huivuta kamba ipite juu ya meno, na anachokipata upande huu amekitoa upande wa pili. Nyuzi ni uzi mmoja; kinachozitenga ni msuguano wa kamba na mti. Ndiyo sababu enanga haipatanishwi upesi, wala haiwezi kubadilishiwa mpango wa sauti katikati ya wimbo. Mpigaji huchagua mpango kwanza, kisha hukaa ndani yake mpaka mwisho, ijapokuwa utendi unaweza kuwa mrefu sana.

Na tendi zenyewe ndizo zilizoipa enanga sifa miongoni mwa wataalamu. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alitia shaka kama utendi ni fani ya kawaida katika bara hili. Waliomjibu ni wengi. Kwa upande wa Tanzania jibu zito lilitoka kwa Mugyabuso Mulokozi, aliyewaandikia makala wasanii wa nanga mwaka 1983, kisha akatoa tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986 juu ya tendi za enanga za Wahaya, kama vile Rukiza, Kachwenyanja na Mugasha. Hivyo chano cha mti chenye kamba moja kilisimama shahidi katika mabishano ya vyuo vikuu. Lakini ni lazima isemwe kwamba tangu hapo wasomi wengi wameyatazama maneno zaidi kuliko ala. Utendi umeandikwa, umefasiriwa, umehesabiwa mizani. Mti uliotoa sauti umepewa aya moja ya utangulizi.

Ili kuona ni kiasi gani kimekosekana katika aya hiyo moja, inafaa kuitazama kwa muda ala nyingine ya kulazwa, ambayo wenyewe wameiandikia kila kitu mpaka misumari yake. Hiyo ni gitaa la Hawaii, na hasa mtoto wake wa Marekani, gitaa la pedali.

Katika visiwa vya Hawaii kijana mmoja, Joseph Kekuku, hutajwa kuwa ndiye aliyeanza, karibu na mwaka 1889, kulilaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Sauti iliyotoka ilikuwa haina ngazi. Ilipanda na kushuka kama sauti ya mtu anayelia. Maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliwafanya Wamarekani waipende mno. Mwaka 1932 gitaa la umeme lilipoanza kuuzwa, halikuwa lile la kusimama nalo. Lilikuwa gitaa dogo la kulaza la kampuni ya Rickenbacker, la madini matupu, ambalo kwa umbo lake watu waliliita kikaango. Tatizo la wapigaji lilikuwa lile lile la mpiga enanga: chuma kilichonyooka hukamata nyuzi zote mahali pamoja, kwa hiyo mpigaji ni mfungwa wa mpango wa sauti aliouanza. Wengine waliongeza shingo ya pili, hata ya tatu na ya nne, kila moja na mpango wake. Wengine waliwaza kutumia mguu.

Pedali za kwanza zilikuwa za kubadilisha mpango mzima kabla ya kupiga. Fundi Paul Bigsby wa California aliwatengenezea wapigaji mmoja mmoja magitaa ya namna hiyo, na Speedy West alilipata la kwake mwaka 1948. Mapinduzi yenyewe yalikuja mwishoni mwa mwaka 1953, Bud Isaacs alipoikanyaga pedali wakati nyuzi zingali zinalia, katika wimbo wa Webb Pierce uitwao Slowly. Uzi mmoja ulisimama, mwingine ukapanda, na masikio ya watu yakasikia kitu ambacho hayakuwa na jina lake. Mwaka 1954 wimbo huo ulienea, na kila mpigaji wa Nashville akatafuta pedali. Shot Jackson na Buddy Emmons wakaanzisha karakana ya Sho-Bud. Mwaka 1963 Emmons akajitenga, akaungana na Ron Lashley wa North Carolina kutengeneza magitaa yenye jina lake. Gitaa la pedali la kawaida la siku hizi lina nyuzi kumi katika kila shingo, pedali tatu au zaidi chini ya mguu wa kushoto, na nyenzo nne au tano zinazosukumwa kwa magoti. Mguu wa kulia huongoza nguvu ya sauti. Mkono mmoja hudonoa, mwingine huteleza na chuma. Mwili mzima una kazi.

Wanaoyamiliki magitaa haya wana mabishano yao ya kudumu, na ndiyo yanayomhusu mwanahistoria. Katika magitaa ya Emmons ya miaka ya 1960 na 1970 mashine ya chini ilikuwa ya kusukuma na kuvuta: uzi ukipandishwa huvutwa kwa njia moja, ukishushwa husukumwa kwa njia nyingine, na kurekebisha ni kazi ya subira ambayo imewafukuza wengi. Katika magitaa yaliyofuata fito huvuta tu, na mwenye gitaa hurekebisha kila sauti kwa ufunguo mdogo akiwa ameketi. Kwa akili ya kawaida la pili ni bora. Hata hivyo wapo wapigaji wasioliuza la kwanza kwa mali yoyote, wakisema kwamba katika mashine ile ya zamani chuma kinachobeba uzi hukaa kwa uthabiti juu ya mwili wa gitaa, na kwa hiyo sauti hujaa zaidi. Hoja hiyo si upuuzi, kwa kuwa ina sababu ya kimaumbile inayoweza kupimwa. Lakini imechanganyika na mambo mengine: mbao zenye madoa kama macho ya ndege, namba iliyopigwa mwilini, jina la fundi, jina la aliyelimiliki kabla. Gitaa kuukuu lina nasaba. Mwenye nalo hujua lilitoka karakana gani, katika miaka gani, na ni sehemu zipi zilizobadilishwa. La kisasa lisilo na nasaba husifiwa kwa wepesi wake, na wengi huwa na yote mawili: moja la kwenda nalo kazini, moja la kukaa nalo nyumbani na kulitazama.

Sauti ya gitaa hili haikubaki Marekani. Huko Léopoldville, karibu na mwaka 1950, Zacharie Elenga, aliyejulikana kwa jina la Jhimmy, alipata umaarufu kwa kupiga gitaa kwa mtindo wa Hawaii katika rekodi za Opika. Nchini Nigeria King Sunny Adé alilitia gitaa la pedali katika muziki wa juju, na mikono ya Demola Adepoju yasikika katika santuri iliyotoka mwaka 1982. Afrika ya Mashariki ilililijua zaidi kwa redio, hasa katika nyimbo za Jim Reeves, ambaye aliendelea kupendwa huku miaka mingi baada ya kufa katika ajali ya ndege mwaka 1964. Yaani wengi walioizoea sauti hiyo ya kulia hawakupata kuiona ala inayoitoa.

Liko jambo moja ambalo huzikutanisha ala hizi mbili kwa karibu kuliko umbo. Mwaka 1964 Pete Drake wa Nashville alitoa rekodi iitwayo Forever, ambamo gitaa la pedali husema maneno: sauti ya nyuzi ilipitishwa katika mpira mpaka kinywani mwake, na midomo yake ikaipa umbo la maneno bila koo kutoa sauti. Watu waliliona kuwa ajabu la umeme. Lakini Burundi walikuwa na ajabu la namna hiyo bila umeme wowote. Katika inanga ya kunong'ona, mpigaji hapazi sauti. Hutoa pumzi yenye maneno tu, isiyo na mlio wa juu wala wa chini, nayo inanga hupiga tuni. Msikilizaji haoni kwamba anasikia vitu viwili. Hudhani anasikia mtu anayeimba, na tuni anayodhani imetoka kooni kumbe imetoka kwenye nyuzi. Michel Vuylsteke alizirekodi nyimbo za namna hii mwaka 1967, na Cornelia Fales aliufafanua udanganyifu huo wa sikio katika utafiti wake wa miaka ya 1990. Hapa ala haipambi maneno. Ala ndiyo koo. Mtu akiitenga inanga na mpigaji wake na kuiweka katika kabati la kioo, amehifadhi nusu ya koo.

Sasa ndipo swali la Karagwe linapojitokeza wazi. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alioneshwa hazina ya Rumanyika: bata wa shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki yenye ncha mbili, mikuki mingine iliyokuwa chuma tangu mpini mpaka ncha, na ngoma kubwa. Baadhi ya vitu vya chuma vya ufalme huo, ambavyo mapokeo huvihusisha na Mfalme Ndagara, babaye Rumanyika, vilidumu, vikapigwa picha, vikaandikiwa; Hamo Sassoon alivichunguza katika makala yake ya mwaka 1983 juu ya wafalme, ng'ombe na wahunzi wa nchi za maziwa makuu. Vilistahili. Walakini ng'ombe wa chuma hawaliwi na mchwa, na enanga huliwa. Chuma kilikuwa cha mfalme, nacho kikarithiwa pamoja na ufalme. Enanga ilikuwa chombo cha mpigaji, nayo ilidumu maadamu mpigaji ana mahali pa kupiga na watu wa kumlisha. Utawala wa machifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963, mahali pamoja palipokuwa pakiwalisha wapigaji pakafungwa. Hakuna aliyeichoma enanga. Ilikosa tu mlango wa kuingilia.

Buganda mambo yalikuwa makali zaidi. Mwezi wa Mei 1966 majeshi ya serikali yalipolishambulia jumba la Kabaka huko Mengo, ala nyingi za kifalme ziliteketea, na wapigaji wakatawanyika.

Vilivyobaki ni vya namna mbili, na thamani zake si sawa. Viko vyano vilivyo katika majumba ya makumbusho, hapa nchini na Ulaya, ambavyo nyuzi zake zimelegea zamani. Karatasi ya maelezo mara nyingi hutaja kabila, mahali na mwaka wa kupokelewa. Haimtaji aliyechonga, mti aliouchonga, wala aliyepiga. Mmarekani hawezi kulinunua gitaa la mwaka 1967 bila kuuliza fundi wake ni nani, na enanga iliyo kongwe zaidi ya gitaa hilo imepokelewa makumbusho kama jiwe lililookotwa njiani. Namna ya pili ni rekodi. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake, akawarekodi wapiga enanga wa Wahaya, na kazi hiyo ikaingia katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Redio ya Taifa nayo ilihifadhi sauti, na kwa njia ya redio na ya watafiti jina la mpigaji kama Habibu Selemani limesalia. Kwa mwanahistoria rekodi hizi zina faida ambayo chano kitupu hakina: mpango wa sauti unaweza kupimwa. Kamba iliyolegea haisemi ilikuwa imekazwa kiasi gani, na kwa kuwa nyuzi zote ni kamba moja, hata kubahatisha hakuwezekani.

Pengine msomaji atasema kwamba kuipenda ala kuukuu ni anasa ya matajiri, na kwamba mkulima wa kahawa wa Bugomora ana mambo mengine ya kufikiri. Lakini Karagwe haikuwahi kukosa watu wa kupenda vitu vizuri. Hazina ya Rumanyika yatosha kuwa ushahidi. Kilichokosekana ni desturi ya kuandika jina la fundi wa mti kama lilivyokumbukwa jina la mwenye chuma. Desturi hiyo yaweza kuanzwa na mwanafunzi yeyote mwenye daftari katika kijiji chochote cha Kyerwa, kwa kuuliza maswali manne tu: nani alichonga, mti gani, kamba ya nini, na nani alipiga.

Wala isidhaniwe kwamba ala mpya ni adui wa ya zamani. Nchini Rwanda Sophie Nzayisenga, aliyefundishwa inanga na baba yake, Thomas Kirusu, ameichukua ala hiyo mpaka majukwaa ya nchi za nje, tena katika fani iliyokuwa mikononi mwa wanaume. Na huko Buganda marehemu Albert Ssempeke, mwanamuziki aliyelelewa katika muziki wa jumba la Kabaka, alijifunza upya ennanga katika miaka ya 1980 kwa kusikiliza rekodi za Temuteo Mukasa, mpiga kinubi wa Kabaka, zilizokuwa zimetunzwa ng'ambo. Kinubi cha Mukasa hakuwa nacho. Alikipiga kingine, akakaza nyuzi mpaka zikapatana na zile alizozisikia, kisha akawafundisha wanawe.